Mjomba anataka kunifungia krenki ya Outback kwenye WRX yangu, mimi nataka seti ya stroka, nishike lipi?

Habari za kazi kaka, mimi ni msomaji wako niko Iringa, naomba unisomee mpaka mwisho maana hili jambo limeshaingia mpaka kwenye familia.

Gari yangu ni Subaru Impreza WRX ya 2003, ile GDA iliyotoka Japani, gia tano za mkono, injini EJ205. Ndio gari ya kazini, ndio ya wikiendi, na kila baada ya muda naenda nayo Dar. Mwezi wa tatu nilikuwa narudi kutoka Dar, napandisha Kitonga taratibu nyuma ya malori, kufika juu barabara ikafunguka nikakanyaga, tabo ikavuta vizuri tu, nilipoachia mafuta nikasikia mlio chini ya injini, ko ko ko, ukiongeza resi nao unaongezeka. Nikazima hapo hapo nikavutwa mpaka nyumbani. Tulipofungua sampu oili ilikuwa inang'aa kama imemwagiwa rangi ya shaba, na konrodi ya namba 3, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ukiishika kwa mkono inacheza.

Sasa fundi wangu ni mjomba wangu mwenyewe. Baba alifariki nikiwa mdogo, mjomba ndiye alinilea, ada ya shule ilitoka gereji, na WRX hii ameifungua na kuifunga yeye tangu nimeinunua. Ana krenki ya injini ya lita 2.5 aliyoitoa kwenye Subaru Outback isiyo na tabo, anasema hiyo inaingia kwenye bloki yangu bila kuchonga kitu, tunaweka pistoni zangu zile zile, ringi mpya, beringi mpya, injini inakuwa stroka, yaani pistoni inapata safari ndefu zaidi na cc zinaongezeka, na mimi sijatoa hela ya maana. Anasema wanaouza maseti mtandaoni wanauza jina.

Mimi nimeiona seti ya stroka ya EJ20, familia ya injini yangu ya 2.0, ina krenki ya 79 mm, konrodi za foji na pistoni za foji za 92.5 mm, ukijumlisha usafiri na ushuru inanifikia kama milioni 9. Nimejibana nina milioni 12, ndio mwisho wangu. Rafiki yangu wa Dar anasema niachane na hayo yote nitafute bloki nzima ya 2.5 tabo. Kaka yangu mkubwa yeye anasema ninunue injini used ya Japani nifunge nikae kimya.

Maswali yangu: seti ipi inanifaa kwa gari ya barabarani, je huku kwetu juu stroka itanisaidia maana naona gari ikishuka Dar inakuwa na nguvu tofauti kabisa, na la mwisho ambalo ndio linaninyima usingizi, nikikataa krenki ya mjomba nitamwambiaje? Ameshaanza kuisafisha. Siwezi kumvunjia heshima mzee yule.

Mpenda Boksa, Iringa

JIBU

Pole sana mdogo wangu, na nashukuru umeandika kabla bloki haijafungwa. Naanza na la haraka, mengine yatafuata: ile krenki isifungwe na pistoni zako za zamani. Kwa namna yoyote ile. Sisemi hivi kwa kumdharau mjomba, kwenye jambo moja yuko sahihi, krenki ya 79 mm kweli inakaa kwenye bloki ya EJ20, watu wamefanya miaka mingi na ndio kipimo hicho hicho wanachokuuzia kwenye seti. Lakini kuingia ni jambo moja na kuzunguka ni jambo lingine.

Angalia hesabu yake. Krenki yako ya kiwandani inaipa pistoni safari ya 75 mm toka chini mpaka juu. Ya 2.5 inaipa 79. Zile 4 mm zilizoongezeka zinagawanyika, 2 zinaenda chini na 2 zinaenda juu, na konrodi ya EJ20 na ya EJ25 zina urefu uleule wa 130.5 mm kwahiyo hakuna cha kuzirudisha. Maana yake pistoni yako ya sasa ikifika juu itatokeza kama 2 mm nje ya uso wa bloki, na gasketi ya hedi ya chuma ikishabanwa haifiki hata 1 mm. Pistoni itagonga hedi siku ya kwanza unapiga stata, na kama haitagonga kwa kuzungusha polepole itagonga kwenye resi konrodi zikivutika. Ndio maana pistoni za stroka zinatengenezwa na tundu la pini lililopandishwa 2 mm, kwa macho inaonekana pistoni ya kawaida tu, fupi kidogo, lakini hizo 2 mm ndizo unazozilipia.

Na kuna la pili kwenye hiyo krenki ya Outback. Krenki za 2.5 hazifanani zote. Zipo ambazo shingo ya konrodi, pale konrodi inaposhika krenki, ni 52 mm na zipo za 48 mm, wakati konrodi zako za EJ205 ni za 52. Alafu beringi ya msukumo, ile yenye mabega inayozuia krenki isitembee mbele na nyuma, kwenye injini nyingi za EJ za miaka ya 90 iko katikati namba 3, hizi za baadaye kama yako iko nyuma namba 5. Kwahiyo kabla ya mjadala wowote chukueni maikromita mpime shingo, na muangalie mabega yako wapi. Ukikuta 48, au mabega yako katikati, hiyo krenki irudi kwenye shelfu na hakuna aliyeshindwa mabishano.

Haya, tuje kwenye seti yako ya milioni 9. Silinda yako ina kipenyo cha 92 mm, mara safari ya 75, mara silinda nne, unapata cc 1994. Ukiweka 79 na kipenyo kile kile unapata cc 2100. Umeongeza cc 106, kama asilimia 5. Ukichonga silinda mpaka 92.5 unafika 2123 hivi. Hiyo ndio stroka yako yote mdogo wangu, na sehemu kubwa ya hela unayoitoa hailipii hizo cc, inalipia foji, yaani pistoni na konrodi za chuma kilichofuliwa kwa kugandamizwa, ambazo zinavumilia busti, presha ya hewa ya tabo, na joto kuliko zile za kiwandani. Hizo foji unaweza kuzipata bila kugusa stroki. Muulize muuzaji bei ya pistoni za 92.5 za krenki ya 75 pamoja na konrodi, bila krenki, na utaona tofauti.

Linganisha na rafiki yako wa Dar. Bloki ya 2.5 tabo, EJ255 au EJ257, ina kipenyo cha 99.5 na safari ya 79, cc 2457. Hapo umeongeza karibu robo ya injini na mtu anaisikia akiwa kwenye gia ya tatu kabla hata tabo haijaamka. Tena bloki zile zimezibwa nusu juu, wakati yako ya EJ205 ni deki wazi, ukiiangalia toka juu utaona silinda zimesimama zimezungukwa na maji pande zote, na ukiipandishia busti sana silinda zinaanza kutikisika na gasketi inalalamika. Kwahiyo rafiki yako hajakosea kuipenda 2.5. Ila ina yake: pistoni za kiwandani za 2.5 tabo zinajulikana kwa kuvunjika ule ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi injini ikipigwa noki ya mafuta, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, kwahiyo bloki used ya 2.5 bado itakudai pistoni za foji. Ukiifunga na hedi zako za 2.0 chemba zake zimechorwa kwa silinda ya 92, kompreshani inabadilika na lazima mtu apige hesabu, sio kubahatisha. Na gia boksi yako. Gia tano za WRX sio zile sita za STI, toleo kali la gari hili, zinavunjika kwa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, na 2.5 inatoa toki mapema na kwa wingi. Milioni 12 zitaishia kwenye injini alafu gia ya tatu inakupasukia njiani Mikumi.

Kuhusu huku juu. Iringa mjini mko kama mita 1,500 na zaidi kidogo, kanieneo ya hewa inapungua kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na Dar, kwahiyo hujakosea unapohisi gari inabadilika ukishuka. Tabo inaweza kukurudishia ile hewa ila inabidi izunguke zaidi. Kusukuma busti ya bar 1 ukiwa Dar tabo inazidisha kanieneo mara 2, ukiwa Iringa kwa bar 1 ile ile inazidisha kama mara 2.2, na tabo ndogo ya kiwandani ya WRX hapo imeshafika ukingoni, inachemsha hewa tu. Sasa ukiipa injini kubwa zaidi, chini itaamka mapema kidogo, raha, lakini juu kuanzia resi 5,500 hivi itaziba kama mtu anayepumua kwa mrija, exosti inarudi nyuma, joto linapanda, na joto ndio baba wa noki. Kwahiyo stroka pamoja na tabo ndogo ni ndoa mbaya, na huku juu ni mbaya zaidi.

Stroka ya 79 ina mahali pake na siipigi vita. Mtu mwenye bloki ya STI ya Japani EJ207, ameshafunga tabo kubwa inayochelewa kuamka, ana gia sita, ana mafuta mazuri na mtu wa kumtyunia, yaani kumpangia kompyuta ya injini, huyo cc 106 na mkono mrefu wa krenki vinamsaidia kuivuta tabo resi mia kadhaa mapema na anafurahi kila siku. Na kuna injini ambazo stroka inalipa waziwazi, Toyota 4A-GE ukihamia bloki na krenki ya 7A safari inatoka 77 inakuwa 85.5, cc 1587 zinakuwa 1762, hiyo ni asilimia 11 kwa vyuma ambavyo vilikuwa kwenye Carina na Corolla za kawaida. Kila injini ina hesabu yake. Ya kwako wewe, kwa gari ya kazini, tabo ya kiwandani, gia tano na milioni 12, mimi nachagua 2.0 ile ile, krenki ya 75 nzuri, pistoni na konrodi za foji, na hela inayobaki iende kwenye kuchonga, oili na tyuni. Nimesema.

Ila kabla hujanunua hata boliti moja, tafuta kilichoiua injini. Hili ndio naliona watu wanaliruka na linaniuma, mtu anafunga foji ya mamilioni alafu inakufa ugonjwa ule ule ndani ya miezi. Beringi ya konrodi haifi bila sababu, oili ilikosekana, ilichoka, ilichanganyika na petroli au haikufika. Toa bomba la kunyonya oili lililoko kwenye sampu, lile lililokunjwa, liangalie pale lilipochomelewa, kwenye hizi EJ linajulikana kupasuka ufa mwembamba kama unywele, likishapasuka linanyonya hewa pamoja na oili ukiwa kwenye kona au mlima, na huoni taa yoyote kwenye dashibodi. Alafu fungua oili pampu uangalie zile skrubu za kifuniko cha nyuma, huwa zinalegea zenyewe, ukikuta moja inazunguka kwa kidole umeshampata mshukiwa. Zikirudi zipakwe gundi ya nati. Na ujiulize kwa utulivu mara ya mwisho stiki ya oili ilichomolewa lini, EJ yenye tabo inakula oili kidogo kidogo safari ndefu na Dar mpaka Iringa sio karibu.

Na ile shaba uliyoiona kwenye oili haikubaki kwenye sampu. Imeenda kila mahali. Kula ya oili, yaani kipoza oili, lile kopo lililokaa pale filta inapofungwa, itupe, hakuna fundi anayeweza kuisafisha ndani akawa na uhakika. Boliti za mabomba ya oili zinazoenda kwenye hedi na tabo zina vichujio vidogo ndani, vitoe uvione, vikiwa vimeziba tabo nayo ikaguliwe shafti kabla haijarudi. Bloki ifunguliwe vizibo vya njia za oili ioshwe kwa brashi na presha, sio kupulizwa na kompresa tu. Injini used ya kaka yako nayo ukiifunga na kula hiyo hiyo umeipa sumu ya mwenzake. Wazo lake sio baya, kwa mtu asiye na haja ya nguvu zaidi ndio njia ya bei nafuu, ila unanunua kitu ambacho hujui kimeishije, na wewe umeniandikia kuhusu stroka kwahiyo najua moyo wako uko wapi.

Pistoni. Utaulizwa unataka aloi gani, 4032 au 2618, na wengi wanachagua tu iliyoko kwenye ofa. 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana ikipata moto, kwahiyo inafungwa na nafasi ndogo kwenye silinda na asubuhi ya baridi ya Iringa ukiwasha haigongi ukutani. 2618 ni ngumu zaidi kufa ukiipiga noki au busti kubwa, lakini inatanuka sana, inataka nafasi kubwa, na ikiwa baridi utaisikia inapiga makofi mpaka ipate moto. Gari ya kazini inayowashwa na kuzimwa kila siku, chukua 4032. Kompreshani baki kwenye 8.5 hivi au chini kidogo, kumbuka ramani za kompyuta ya injini za Japani zilipangwa kwa premium ya kule ambayo mara nyingi ni oktani 98 mpaka 100, na wewe unajaza kilichopo kituoni. Huyo atakayekutyunia atyuni kwa mafuta unayonunua wewe, na kama unaweza afanye sehemu ya kazi huku huku juu, maana gari iliyotyuniwa Dar peke yake ikipanda huku tabo inafanya kazi nyingine kabisa.

Kuchonga ndio sehemu ya kutokubania hela. Silinda zipelekwe 92.5 baada ya pistoni kufika, kila pistoni ipimwe na silinda yake, sio kuchonga namba ya kwenye karatasi. Wakati wa kupiga honi, yaani kusugua silinda kumalizia, bloki ifungwe ile sahani nzito ya chuma inayoiga hedi, kwasababu bloki ya deki wazi ukiifunga hedi na kuikaza silinda zinabadilika umbo, na kama ziliviringishwa bila sahani zitakuwa duara mezani na yai kwenye gari. Uliza kwanza kama wana sahani ya EJ. Hawana, endelea kutafuta, hata kama ni kupeleka bloki Dar. Ringi zipimwe mwanya moja moja ndani ya silinda yake, ya juu kwa kipenyo hicho na busti ya barabarani utakuta inazunguka kwenye 0.45 mm, ila fuata karatasi inayokuja na pistoni. Konrodi na pistoni zipimwe uzito zilingane, krenki ibalansiwe pamoja na fulaiwili na klachi. Krenki yako ya sasa kama shingo ya namba 3 imeliwa sana, tafuta nyingine ya 75 iliyonyooka yenye saizi ya kiwandani, ikaguliwe ufa, badala ya kuisaga ya kwako.

Sasa mjomba.

Mdogo wangu hapa sitaki uende na simu yenye maneno yangu ukamsomee. Mzee aliyekulea hashindwi kwa kusomewa. Nenda jioni gereji ikiwa imetulia, umwamkie, umwambie mjomba ile krenki naomba tuijaribu pamoja kabla hatujanunua ringi. Hiyo sio kumpinga, fundi yeyote anajaribu. Mlaze krenki na beringi zozote nzima, mvishe konrodi moja, mfunge nusu mbili za bloki mkaze, muingize pistoni moja bila ringi, pini mpitishe kwenye lile tundu la pembeni kama anavyojua mwenyewe, alafu yeye ndiye azungushe krenki kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa. Mpe rula ya chuma ailaze kwenye uso wa bloki. Rula haitalala. Itabebwa na pistoni, na mwanga utapita chini yake pande zote mbili. Nyamaza hapo. Miaka yote aliyokaa kwenye injini itamwambia yeye mwenyewe kinachoendelea, na atakachosema kitakuwa chake, sio chako wala changu.

Na ikifika hapo usimtoe kwenye kazi, usije ukafanya hivyo. Umwambie mjomba naomba wewe ndiye uifunge, ila vipimo tukafanyie kule kwenye mashine kisha waje na karatasi uipitie wewe. Kuifunga EJ anaiweza kuliko vijana wengi wa mjini, kinachokosekana gereji kwake ni boo geji ya kupimia silinda, maikromita na toki renchi iliyopimwa, na kati ya milioni 12 zako kumnunulia toki renchi nzuri sio gharama, ni zana itakayobaki inafanya kazi pale. Akisema hataki kabisa, hata baada ya rula, hapo utafunga kwingine na utamwambia uso kwa uso kabla hujalivuta gari, asije akalikuta halipo uani. Lakini sidhani kama itafika huko, mtu aliyekushika mkono toka utoto hatakubali uingie barabarani na pistoni inayogonga hedi.

Hela igawe hivi: pistoni, konrodi, beringi na gasketi ndio fungu la kwanza, kuchonga na kubalansi la pili, kula mpya, bomba la kunyonya, oili pampu, wota pampu na taimingi belti la tatu, tyuni la nne na hili usiliguse kwa jambo lingine lolote. Hakikisha hiyo bei ya mtandaoni imeshaingiza ushuru na VAT kweli, watu wengi wanaambiwa imefika kumbe imefika bandarini. Na kwasababu bloki yako ndio inabaki, namba ya injini kwenye kadi ya gari haibadiliki, ungebadilisha bloki ingebidi kwenda TRA na kuwaambia bima, nalo ni jambo la kuhesabu kwa anayetaka 2.5.

Ikishawaka, kabla haijawaka kwa kweli, izungushe na stata plagi zikiwa nje mpaka presha ya oili ionekane. Tumia oili ya madini, isiyo ya sintetiki, mwanzoni ili ringi zikae, iendeshe kwa mzigo wa kupanda na kushuka resi bila kuing'ang'aniza sehemu moja wala kuisukumia busti, ukifika kilomita 50 mwaga oili, chomoa filta, ikate kwa msumeno, ile karatasi ya ndani itandaze juani. Unga kidogo wa kijivu ni ringi zinajisaga, kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa rangi ya shaba, zima na usiiwashe tena, nitumie picha siku hiyo hiyo. Ukikuta safi rudia kwenye 500, na Kitonga uipande polepole mpaka mtyuni amalize kazi yake.